Theluthi ya Mjane

Wote wanaomsifu Mwalimu wanasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Wangekuwa wanasema uongo ningewaacha waseme mpaka wachoke. Lakini wanaposema kwamba katika Johannesburg nzima hakuna aliyewasemea wanawake wajane kwa kinywa na kwa kalamu kama yeye, mimi hunyamaza na pini zangu mdomoni, kwa sababu mjane mmojawapo aliyesemewa ni mimi. Nilisemewa, nikapata haki yangu. Kuna mjane mwingine ambaye hawamjui. Huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Hakuwa profesa. Alifundisha historia katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, na kila alipokiomba cheo hicho aliambiwa asubiri, hadi akastaafu bado anasubiri. Mimi nilimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, naye akaniita Fundi, na majina hayo yakatutosha. Alikuwa mwanamke wa Kikenya, mrefu, kichwa amekinyoa karibu na ngozi, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kugomba, kana kwamba hakutaka kumwona vizuri anayemgombeza. Aliivua mara nyingi.

Siku nilipomwamkia shikamoo, kama nilivyolelewa Tanga kumwamkia aliyenizidi umri, alinikata.

"Usinishike miguu, Fundi, iko na vumbi. Nisalimie kwa mkono."

Nikampa mkono. Aliuminya mpaka vidole vikaniuma.

Somo lake lilikuwa maisha ya mabibi wa Uingereza ya zamani, wake wa mabwana wenye ngome za mawe na farasi, miaka mia saba iliyopita. Watu walimcheka. Mwafrika, tena anakaa mtaa wa Bellevue katika nyumba kuukuu yenye mabati yanayovuja, anafundisha habari za mabibi wa Kiingereza! Majirani zetu Wakongomani walimwita Malkia akipita, naye alipita bila kugeuka, mwavuli kwapani hata siku za jua, kikapu cha mboga mkono wa pili.

Nilimjua kwa ajili ya gauni. Aliingia katika kibanda changu cha ushonaji pale Bertrams, akatandaza michoro juu ya sare za shule nilizokuwa nakata. Alitaka shati refu la kitani la kuvaliwa ndani, gauni la sufu lenye mikono ya kubana, gauni jingine la juu lisilo na mikono, joho, na vitambaa viwili vya kichwani, kimoja cha kuzungusha kidevuni na shingoni, kingine cha kushusha juu yake.

"Ni ya arusi?" nikauliza.

"Ni ya darasa."

"Sherehe ya darasa?"

"Darasa, Fundi. Kuna sherehe gani hapo? Nataka wanafunzi wajue uzito wa kuwa mke wa bwana mkubwa."

Nilishona kwa cherehani, nikapiga pasi, nikaona nimemaliza. Alipokuja aliligeuza gauni ndani nje, akavua miwani.

"Miaka mia saba iliyopita cherehani ilikuwa wapi?"

"Mwalimu, nani atautazama mshono wa ndani?"

"Mimi. Fumua."

Nilimchukia siku hiyo. Nilifumua huku machozi ya hasira yananitiririka, nikashona upya kwa mkono, majuma matatu, mpaka vidole vikaota sugu. Alipokuja tena aliukagua kila mshono kwa kucha, akasema neno moja tu, "Haya," nami nikajiona nimepewa nishani. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa bahili wa sifa, kwa hiyo ukipata "haya" moja kwake uliila mwezi mzima.

Nilipomvika vile vitambaa vya kichwani ili kupima, nilicheka. "Mbona huu ni ushungi wangu?"

"Sasa umeelewa somo," akasema, naye akacheka, jambo la nadra. "Mzungu wa kale akijifunika ni heshima yake. Ukijifunika wewe wanakuuliza nani amekulazimisha."

Alinilazimisha niende naye chuoni nikamvike mwanafunzi, kwa sababu, alivyosema, aliyeshona ndiye anayejua wapi panabana. Nilikaa nyuma ya darasa na pini zangu. Msichana mmoja mbele alinyoosha mkono akauliza kwa nini wasome habari za wanawake hawa, wakati vitukuu wao ndio waliokuja kutunyang'anya ardhi. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilitaka kupiga.

Mwalimu akavua miwani.

"Kwani unafikiri unyang'anyi walijifunzia Afrika?" akasema. "Walijifunzia nyumbani. Kabla ya kufika kwako walianza na mama zao."

Kisha akamshika bega yule binti niliyemvika, ambaye jasho lilikuwa linamdondoka chini ya sufu, akaanza kueleza. Huyu ana miaka kumi na miwili. Ameozwa, hakuulizwa. Ardhi aliyotoka nayo kwao imekuwa ya mumewe. Bwana akienda vitani yeye ndiye anayeendesha kila kitu, anajua shayiri imebaki magunia mangapi, anawaamuru wanaume mia moja, adui akija anaamuru malango yafungwe na mafuta yachemshwe. Ana funguo zote kiunoni. Bwana akirudi, anazikabidhi. "Funguo si milki," akasema Mwalimu, na maneno hayo niliyasikia tena kwake mara mia. Akiwa mjamzito anafungiwa chumbani majuma kadhaa, madirisha yamezibwa mazulia, wanawake peke yao ndani, na akijifungua hukaa siku kama arobaini ndipo apelekwe kanisani kuombewa. Niliposikia arobaini nilishtuka, maana hata sisi tuna arobaini yetu.

"Na mumewe akifa," akaendelea, sauti imeshuka, "mtoto wake wa kwanza wa kiume, akiwa bado mdogo, si wake tena. Mfalme anaweza kumwuzia ulezi wa mtoto huyo bwana mwingine anayetaka faida ya ile ardhi. Mama anabaki amesimama mlangoni. Na msidhani walionunua ulezi ni wanaume peke yao. Kuna mabibi waliowanunua watoto wa mabibi wenzao."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule msichana wa mbele alikuwa anaandika.

Nitasema na madogo yake, maana mtu si darasani tu. Chai yake ilikuwa maziwa matupu na majani, ikichemka mpaka ikawa rangi ya matofali, bila sukari, naye alikushangaa ukiomba sukari. Aligombana na madereva wa teksi mpaka wakaacha kumpigia honi. Barabarani alivuka kwa taa ya kijani tu, hata pasipokuwa na gari hata moja, na ukivuka robot, kama taa hizo zinavyoitwa hapa, ikiwa nyekundu alikuacha uende ukamngoje ng'ambo kama mtoto mtundu. Alikuwa haombi radhi. Akikukosea alikuletea fungu la sukuma wiki kutoka bustani yake, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Na aligombana na redio. Msomaji wa habari akisema "mke wa waziri" bila kutaja jina, Mwalimu alijibu kwa sauti kutoka jikoni, "Hana jina? Mama yake alimwita mke wa waziri?" Mimi na binti yangu Zuhura tulicheka chumbani tukiwa tumejiziba midomo.

Tulikuwa tunakaa kwake wakati huo. Mume wangu alifariki hapa Johannesburg kwa maradhi ya figo, na sikuweza tena kodi ya vyumba viwili. Mwalimu alikuja msibani Bertrams amevaa kanga niliyomzawadia, akakaa mkekani na wanawake wa Kitanzania, miguu yake mirefu haijui pa kwenda. Baada ya watu kutawanyika alisema, "Chumba changu cha uani kiko wazi. Usibishane." Sikubishana.

Mimi na marehemu tulikuwa tumejenga nyumba Tanga. Kila tofali lake nalijua, maana nusu yake ilitoka kwenye cherehani yangu. Kabla eda haijaisha nikasikia shemeji zangu wawili wameingia humo na kubadilisha makufuli. Nikamwambia Mwalimu jikoni, nikidhani namweleza tu habari.

"Dini yenu inampa mjane kiasi gani?" akauliza.

"Thumni, kama kuna mtoto. Na Zuhura ana nusu yake, kwa kuwa ni binti pekee. Kinachobaki ni cha shemeji."

"Sehemu ya nane. Yule wa Kiingereza alipewa theluthi ya ardhi ya mumewe, aitumie maisha yake yote." Akavua miwani. "Na wewe hiyo thumni umeipata?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi sheria nzuri uliyo nayo ni pambo la ukutani. Na wa Kiingereza wengi walikuwa nayo hivyohivyo, pambo. Walioipata ni wale walioenda mahakamani wakapiga kelele mwaka baada ya mwaka mpaka majaji wakachoka kuona sura zao. Utaenda Tanga lini?"

Nilisema sina nguvu. Akaniambia hakuuliza habari ya nguvu, ameuliza siku. Alinikalisha mezani kila alasiri akanifundisha kusimama mbele ya hakimu. Yeye alikuwa hakimu, kisha akawa shemeji yangu, kisha akawa shemeji yangu mwingine aliye mkali zaidi. Nikitoa machozi alisema, "Lia, lakini usiache kusema." Nikaenda. Nikasimama katika mahakama ya mwanzo na sheikh mmoja mzee kando yangu, nikasema kila kitu kwa mpangilio ule wa mezani kwa Mwalimu, mpaka shemeji mkubwa akainamisha kichwa. Tulipata sehemu yetu. Leo Zuhura ana vyumba vitatu Tanga vyenye jina lake.

Kwa hiyo msidhani nasema kwa chuki. Ningeweza kukibeba kikapu chake mpaka mwisho wa dunia.

Mjane yule wa pili alikuja mchana wa siku ya Jumamosi. Nilikuwa uani naanua nguo. Kengele ya geti ikalia, na kabla sijafika Mwalimu akatokea kwenye mlango wa jikoni, amechungulia tayari kwa pazia.

"Mwambie sipo."

"Nani yule?"

"Yule mwanamke. Mwambie sipo, Fundi."

Sikuwahi kumsikia akimkwepa mtu. Getini palisimama mwanamke wa umri wangu, uso umemjaa vumbi la safari, begi moja begani na viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa ametoka Kenya kwa basi, siku nne, Tanzania, Zambia, Zimbabwe, mpaka hapa. Jina lake Damaris.

"Nimemwona kwa dirisha, dada," akaniambia kwa upole. "Usijisumbue kusema uongo. Niambie tu kama naweza kunywa maji."

Nikamfungulia. Nikampitisha kwa nyuma mpaka chumbani kwangu, nikampa maji, nikamwekea beseni la maji ya moto na chumvi, na humo miguu ikiwa ndani ya beseni alinieleza. Alikuwa mke wa kaka yake Mwalimu. Miaka kumi na saba walilima pamoja shamba huko Kitale, wakazaa watoto watatu. Kaka akafa kwa ajali ya trekta. Baada ya mazishi ndugu wa mume walikwenda kortini na karatasi inayosema familia haimtambui Damaris kuwa mke, kwa sababu mahari yake haikumalizika, na wote wakaitia sahihi. Alinitolea nakala iliyokunjwa mara nyingi. Sahihi ya kwanza, ya mkubwa wao wote, niliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye barua alizoniandikia Mwalimu za mahakama ya Tanga.

"Na mahari haikumalizika?" nikauliza, kwa sababu bado nilikuwa namtafutia Mwalimu mlango wa kutokea.

"Ilimalizika. Yeye mwenyewe alikuwepo, dada. Alipanda ndege kutoka hapa. Yeye ndiye aliyenivisha shuka begani, akaniambia, sasa wewe ni wetu." Akaitoa miguu kwenye beseni. "Sikuja kugombana. Nimekuja kumwomba aseme tu alichokiona."

Nilikwenda jikoni. Mwalimu alikuwa anaosha kikombe kilichokuwa safi.

"Umemwingiza kwangu," akasema bila kugeuka.

"Nimemwingiza kwangu, chumbani ninakolipia. Mwalimu, hii sahihi ni yako?"

"Hayo ni mambo ya familia."

"Ni yako?"

"Ni yangu! Ulitaka nifanye nini? Ile ni ardhi ya babangu. Huyo angeolewa kesho, mwanaume mgeni angelala kwenye shamba la babangu akawaletea watoto wa kakangu baba wa kambo. Unajua watu wa kwetu? Hukai nao wewe."

Nilimtazama. Niliyasikia maneno yale na nikajua nilikoyasikia kwanza. Ni yeye aliyenifundisha kwamba wale mabwana wa Kiingereza walisema hivyohivyo, ardhi ya baba, mjane ataolewa, mgeni ataingia. Aliyasema darasani kwa dharau, kwa sauti ya kuigiza wanaume.

"Mjane wako wa kwenye vitabu alipewa siku ngapi za kukaa katika nyumba ya mumewe?" nikamwuliza. "Wewe ndiye uliyeniambia. Wale mabwana wakatili, walipomlazimisha mfalme wao atie muhuri ile sheria yao kubwa, hata wao waliandika mjane asitolewe kwa siku arobaini, ndani yake apewe theluthi yake. Damaris mlimpa siku ngapi?"

Alizidi kukisugua kile kikombe.

"Ngapi, Mwalimu?"

"Tisa," akasema.

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Ni mimi niliyeyafunga. Kisha akakaa kwenye kiti, na nilidhani atalia, lakini alisema kwa sauti kavu: "Mimi sina mume. Sina mtoto. Nikistaafu narudi wapi? Nizeekee Bellevue hapa, nizikwe na manispaa? Ndugu zangu walisema nikisaini watanipa kipande karibu na mto. Kipande cha kujenga na cha kuzikwa. Nina miaka hamsini na tisa ndipo nimepata pa kuitwa kwetu, Fundi. Kwa nini unanitazama hivyo?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba nilimwelewa mara moja, na kumwelewa hakukupunguza kitu. Nikamwambia, "Kwa hiyo wewe ni yule bibi aliyenunua mtoto wa bibi mwenzake."

Alisimama akanionyesha mlango. "Toka kwangu. Wewe na yeye."

Tulitoka siku ileile, mimi, Zuhura, Damaris na cherehani, tukapata chumba Troyeville kwa mama mmoja wa Zanzibar. Damaris alikaa nami majuma matano. Alikuwa anashona vifungo vizuri kuliko mimi. Hakumsema Mwalimu vibaya hata mara moja, na hilo pia lilinikasirisha, nikamwambia mbona husemi kitu, hata tusi moja basi. Akasema, "Dada, nikianza nitamalizia wapi?" Alipanda basi kurudi kwa watoto, na baada ya muda akanipigia simu kwamba korti imeikubali ile karatasi. Watu wote walisema, kama dada mkubwa tena msomi wa wanawake ameandika hivyo, nani atabisha?

Miaka minne sikumwona Mwalimu. Nilisikia habari zake kwa wateja. Amestaafu, anatembea na fimbo, ndugu zake wa Kitale bado wanamwambia subiri kidogo tutakuonyesha kipande chako. Kisha Zuhura, aliyekuwa ameanza chuo, akaniletea habari kwamba kitabu cha Mwalimu kimetoka. Kile alichokiandika miaka yote, juu ya mjane mmoja wa Kiingereza aliyeidai theluthi yake miaka kumi na moja. Kitazinduliwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa maktaba. Zuhura alisema tusiende. Nikavaa baibui langu jipya tukaenda.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alizungumza vizuri, Mungu ananiona, alizungumza kama siku ya gauni. Alieleza jinsi mjane yule alivyorudi mbele ya majaji mwaka baada ya mwaka, na ndugu wa mume wakaleta mashahidi wa kusema ndoa haikuwa halali. Aliposema hivyo nilimtazama kama atasita. Hakusita. Watu walifuta macho. Wakati wa maswali ulipofika nilinyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti, nikasimama nikauliza kwa Kiswahili, kwa sababu swali lile halikuwa la wale wengine:

"Mwalimu, Damaris anaishi wapi sasa?"

Aliinyakua fimbo yake kana kwamba sakafu imeinama. Mwongozaji wa shughuli akamwomba awatafsirie watu. Mwalimu akakohoa, akasema kwa Kiingereza, akitabasamu, "Huyu ni fundi wangu wa zamani. Anauliza kama kitabu kitatolewa kwa Kiswahili."

Wakapiga makofi. Mwanamke wa kando yangu akanipapasa mkono.

Mimi nilikuwa nimegandamana na kipaza sauti. Kiingereza changu ni cha sokoni, na hasira ilikuwa imekila chote. Zuhura ndiye aliyeinuka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akasema kwa Kiingereza chake cha shule, taratibu, ili kila mtu asikie: "Mama yangu hakuuliza hivyo. Ameuliza anaishi wapi mjane wa kaka yake Mwalimu, aliyetolewa kwake siku tisa baada ya mazishi, kwa sahihi ya Mwalimu." Kisha akakaa.

Shughuli ilikwisha vibaya. Watu walitoka kwa makundi, wengine wakitutazama sisi kama wenye makosa. Mwalimu alibaki kwenye meza iliyopangwa vitabu. Nilipomfikia alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuuliza swali. Ungelijibu."

"Sijui anaishi wapi."

"Mimi najua. Anaishi Nakuru, nyuma ya duka la dada yake, chumba kimoja na watoto watatu. Mkubwa ameacha shule. Andika, Mwalimu."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Alijua maana yake. Niliona anakipigia hesabu kile kipande cha karibu na mto, kaburi lake lote na nyumba yake yote. Wahudumu walikuwa wameanza kukunja viti. Kisha akavuta karatasi. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, mimi na Zuhura tumesimama juu yake kama askari. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Kwamba alikuwepo siku mahari ilipomalizwa, na mikono yake ndiyo iliyomvisha Damaris shuka. Kwamba alipotia sahihi alijua ni uongo. Kwamba hakuna aliyemlazimisha. Sentensi hiyo ya mwisho sikumwambia aiweke.

Alitia sahihi. Nilipiga picha kwa simu, nikamtumia Damaris, kisha nikampigia pale pale, nikaweka sauti isikike. Nikamsomea. Upande wa pili nilisikia kuku wanalia.

"Ameandika mwenyewe?" Damaris akauliza.

"Mwenyewe. Yuko hapa."

"Sawa." Akavuta pumzi. "Nyumba walishaibomoa, dada. Tangu mwaka jana. Walichukua hata mabati na fremu za madirisha. Lakini ardhi haibomolewi. Nitumie ile karatasi yenyewe, si picha. Siku itakayofika niko kortini."

Akakata. Hakuomba kuzungumza na Mwalimu, na Mwalimu hakuomba.

Nilikunja barua nikaitia kwenye mkoba. Mwalimu alikuwa anatazama vitabu vyake vilivyopangwa, jalada moja mara hamsini. Nilikuwa nimeshafika karibu na mlango aliponiita, si kwa sauti ya darasani, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Fundi. Chumba kimoja, watu wanne. Watoto wanalalaje?"

Nilikuwa najua jibu. Damaris alinieleza, mmoja kitandani na mama yake, wawili sakafuni juu ya magunia ya dukani. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikaandika namba ya simu ya Damaris nyuma ya tangazo la uzinduzi, nikarudi mpaka mezani, nikaiweka mbele yake.

"Muulize yeye," nikasema, na tukaondoka.